Nani Aivunje Bodi?

Mkeka wa uteuzi ukitoka, jioni ile ile Dodoma nzima inajua. Majina yanapita kwenye simu kabla taarifa ya habari haijaanza: fulani mwenyekiti wa bodi hii, fulani mjumbe wa bodi ile, uteuzi unaanza mara moja. Watu hutafuta jina la ndugu au la mtu wa kwao, wakilikosa wanaendelea na shughuli zao. Kwa nini huyu na si yule, hakuna pa kuuliza. Na yule wa jana ametolewa kwa lipi? Jibu lake tumelizoea: uteuzi wake umetenguliwa.

Kila anayetaka mageuzi ya bodi za mashirika ya umma huzungumzia namna ya kuteua: watu watangaziwe nafasi, wasailiwe, majina yapite bungeni. Sina ugomvi na hayo. Ila naona tumeuacha upande wenye mzigo mkubwa zaidi, yaani namna mjumbe anavyoondolewa. Nimepanga ubishi huu kwa sauti tatu zinazosikika sana mjini hapa: mstaafu wa Hazina aliyewahi kukaa kwenye bodi, wakili kijana, na mama anayelima zabibu Mpunguzi huku akiishi Nkuhungu. Si watu mahususi, na mahali nisipovumilia nimejiingiza mwenyewe.

WAKILI: Shikamoo mzee. Naomba nianze na wewe. Ulijuaje kwamba umeteuliwa?

MSTAAFU: Marahaba, binti yangu. Nilipigiwa simu, barua ikafuata baadaye. Sikuomba, sikusailiwa, wala sikuambiwa nimechaguliwa kwa sifa gani. Upekuzi ulifanyika, hilo nalijua, maana jirani yangu aliulizwa habari zangu. Lakini usinifanye nione haya. Shirika lilikuwa limezama kwenye madeni, na mimi madeni ya serikali ndiyo kazi niliyozeekea. Ningesubiri tangazo, pengine nisingeomba. Mtu mzima haendi kushindania posho ya kikao na vijana.

WAKILI: Sisemi hukufaa. Nasema hakuna aliyeweza kujua kwamba unafaa, hata wewe mwenyewe hukujua. Utaratibu wetu wa kawaida ni kwamba mwenyekiti anateuliwa na Rais, wajumbe wanateuliwa na waziri wa sekta, na Msajili wa Hazina anasimamia mali hiyo kwa niaba ya Serikali. Ibara ya 36 ya Katiba inampa Rais mamlaka mapana ya kuteua. Sasa waziri anayeteua wajumbe ndiye huyo huyo anayelipa shirika maagizo kwa simu. Mjumbe atamkatalia nani?

MKULIMA: Mimi hayo ya ibara siyajui, mwanangu. Najua maji. Maji ya mji huu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, na tangu Serikali ihamie hapa watu wameongezeka kuliko visima. Nimeambiwa kwenye bodi ya maji yumo anayetuwakilisha sisi watumiaji. Vizuri. Ni nani? Anakaa mtaa gani? Nikiwa na neno nampelekea wapi? Mwenyekiti wangu wa mtaa namjua, diwani namjua, hata mbunge namwona akija kuomba kura. Huyu wa bodi ananiwakilisha kimyakimya.

MSTAAFU: Mama, huyo hawezi kuja kwenye kila kikao cha mtaa.

MKULIMA: Kimoja tu, mzee mwenzangu. Sijasema kila.

WAKILI: Na dawa yake haihitaji kuvumbuliwa upya. Sheria ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya mwaka 2001 iliweka kamati ya uteuzi: inapokea maombi, inachuja, inapendekeza majina, ndipo mwenye mamlaka anateua. Makao makuu ya EWURA yako hapa Medeli, unaweza kwenda kwa bodaboda. Kwa hiyo anayesema utaratibu wa wazi ni wa Ulaya hajaangalia sheria zetu wenyewe. Tuichukue kamati ile tuipeleke kwenye mashirika yote.

MSTAAFU: Kamati ya nani? Wanakamati nao wameteuliwa. Utapanda ngazi hiyo mpaka ufike kwa yule yule uliyemkimbia. Halafu sikiliza nikwambie tangazo la kazi linamfaa nani. Linamfaa mwenye wasifu wa kurasa nane kwa Kiingereza, aliyekaa Dar es Salaam, anayejua maneno yanayopendwa na wasailii. Mama huyu anajua zabibu, anajua madalali, anajua soko linavyodorora mavuno yanapoingia kwa pamoja. Mweke kwenye usaili uone.

MKULIMA: Hapo niko na mzee.

WAKILI: Mama, umenigeuka mapema hivyo?

MKULIMA: Sijakugeuka. Unanitetea kwa njia itakayoniacha nje.

Hoja hii ya mstaafu ni nzito kuliko anavyodhani wakili, na wapenda mageuzi huipita haraka. Ushindani wa sifa si kitu kimoja na uwakilishi. Tulishawahi kujaribu njia nyingine: Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawapa wafanyakazi maneno ya kuwaambia mameneja waliojifanya miungu watu. Viwanda kadhaa viliwafungia mameneja nje ya lango, na shauku ya wakubwa ikapoa. Lakini wazo la kwamba anayetumia au kuzalisha awe na kiti kisichotokana na hisani ya waziri halikuwa la kipuuzi, na sijui kwa nini wanasheria wetu wa leo hawalitaji.

WAKILI: Sawa, tugawe. Viti vya utaalamu vishindaniwe. Kiti cha watumiaji wakichague watumiaji.

MSTAAFU: Halafu chama kitakiteka kiti hicho kabla ya saa nne asubuhi.

MKULIMA: Kwani sasa hivi kimetekwa na nani?

MSTAAFU: Haya. Lakini mnazungukazunguka jambo lililo wazi. Mamlaka ya mtu mmoja yana faida moja ambayo hamwitaji: yanafika haraka. Novemba 2015 Rais Magufuli alikwenda Muhimbili, akawakuta wagonjwa wamelala chini, bodi ikavunjwa. Mwezi uliofuata ikavunjwa ya Bandari. Mwaka mmoja baadaye ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Aprili 2023 Rais Samia naye, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, CAG, akavunja Bodi ya Shirika la Reli. Mnataka haya yapite kwenye kamati? Wezi watakuwa wamemaliza mpaka viti.

MKULIMA: Na CDA, mzee, usiisahau CDA.

MSTAAFU: Nilikuwa nakuachia wewe.

MKULIMA: Mji huu ulitawaliwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu tangu 1973. Ardhi yote yake. Sisi tuliozaliwa hapa tukawa wapangaji, hati ya miaka 33. Ukijenga choo unavunjiwa. Diwani uliyempigia kura anakwambia, ‘Hilo ni la CDA, mimi siwezi.’ Aliyewateua wale alikuwa mbali, na hatukuwa na kura ya kuwafikia. Mei 15, 2017 Magufuli akaifuta kwa saini moja, mali zikaenda Manispaa. Watu walishangilia huku barabarani, na mimi nilishangilia.

MSTAAFU: Ndiyo nasema. Kamati gani ingefanya hivyo?

WAKILI: Mzee, umetumia mfano wa chombo kilichowekwa na amri, kikawaumiza watu kwa miaka 44, halafu kikaondolewa na amri. Umesifu dawa, ugonjwa ni ule ule. Ingekuwa CDA ina wajumbe wawili tu waliotoka kwa wakazi, ambao hakuna mkubwa angeweza kuwatoa kwa kusema ukweli, pengine hati za miaka 33 zingebadilishwa mwaka 1990.

MSTAAFU: Pengine.

WAKILI: Ndiyo, pengine. Sasa angalia sheria. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema mwenye mamlaka ya kuteua anayo pia ya kuondoa, isipokuwa sheria nyingine iseme tofauti. Sheria nyingi zilizounda mashirika hazisemi tofauti, au zinaacha mwanya mpana. Kwa hiyo hata ukinisaili kwa siku tatu, ukanipa alama za juu kuliko wote, Jumatatu nikipinga ununuzi fulani, Jumatano naweza kusikia jina langu redioni.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Usaili unamleta mtu mwenye sifa, lakini sifa hazimpi ujasiri mtu anayejua kwamba muda wake wa miaka mitatu unaweza kuisha leo jioni bila yeye kuambiwa kosa. Na nyanda hizi za kati zina kesi ya bodi ya serikali iliyo kongwe kuliko Tanzania yenyewe.

Mashariki mwa Dodoma, Kongwa, Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 kulima karanga ili kupata mafuta ya kula kwa watu wake waliokuwa bado kwenye mgao wa baada ya vita. Wazo lilitoka kwa Frank Samuel wa kampuni ya United Africa. Aliyetumwa kulipima, mwaka 1946, ni John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe wake ulizunguka wiki tisa ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka 1948 kazi ikakabidhiwa shirika la umma lililoitwa Overseas Food Corporation. Waziri wa Chakula, John Strachey, akateua bodi. Mwenyekiti akawa Leslie Plummer, mtu wa magazeti ambaye Waziri alifahamiana naye tangu siasa za ujanani. Mjumbe mmojawapo akawa Wakefield, yaani aliyeandika mpango akapewa kiti cha kuusimamia. Nani angetegemea aseme mpango ni mbovu?

Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizokuwa tayari kupandwa hazikufika 8,000. Visiki na mizizi vilimaliza majembe ya matrekta, udongo wa Kongwa ukikauka ulizibana karanga humo humo ardhini, na mvua ikafanya kama inavyofanya siku zote Ugogo: ikaja kidogo, ikaenda zake. Mgogo yeyote mwenye shamba angewaambia hayo bila malipo, ila kwenye bodi hakuwemo hata mmoja, na kwa akili za wakati ule hakuna aliyefikiri awepo. Wakaguzi walipofungua hesabu wakaandika kwamba vitabu havikuwa vimetunzwa ipasavyo. Novemba 1949 Strachey akawaondoa wajumbe wawili, Wakefield na James McFadyen. Mwenyekiti, rafiki yake, alibaki mpaka mwaka uliofuata. Waziri mwenyewe akahamishiwa wizara nyingine. Januari 1951 Serikali ikatangaza kuachana na mpango, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Wanaopita Kongwa hukumbuka matrekta. Mimi nakumbuka Novemba ile. Waziri alikuwa na haki yote ya kisheria ya kuwaondoa wale wawili, na huenda walistahili. Lakini kuwaondoa hakukuongeza hata gunia moja la karanga. Kulimpa Waziri kitu cha kuonyesha bungeni. Aliyeteua alitumia kutengua ili asiulizwe juu ya uteuzi wake.

MSTAAFU: Umewaleta wakoloni ili utusute sisi.

MWANDISHI: Nimewaleta kwa sababu muundo ule hawakuondoka nao.

MSTAAFU: Basi malizia habari. Bunge lao lilimbana Strachey mpaka akatoka jasho. Lilijua nani ametolewa na lilitaka kujua kwa nini.

WAKILI: Mzee, hapo umenisaidia mimi. Sisi tunayo Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, PIC. Inamwita mtendaji mkuu, inaiita bodi, inawasomea ripoti ya CAG. Vizuri kabisa. Lakini bodi ikivunjwa usiku wa kuamkia kikao, nani anakaa kwenye kile kiti? Wanakuja watu wapya wanasema, ‘Mheshimiwa Mwenyekiti, sisi ndiyo tumeingia.’ Maswali yanaishia hapo.

MSTAAFU: Hilo nimeliona kwa macho. Na nimeona baya zaidi. Kulikuwa na miaka ambayo wabunge wenyewe walikuwa wajumbe wa bodi: asubuhi anapitisha bajeti ya shirika kule, mchana anakaa kwenye kamati kuikagua huku. Wanaosema majina yapelekwe bungeni wakumbuke hayo.

WAKILI: Kenya wamejaribu mahakama. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa zaidi ya watu mia moja katika mashirika ya umma uliofanywa na Rais Kenyatta, kwa sababu haukupita kwenye ushindani wa wazi.

MSTAAFU: Na siasa zikaisha huko?

WAKILI: Hazikuisha. Ila ilijulikana kwamba kuna mahali pa kuuliza.

Nakiri mfano wa Kenya haunishawishi sana. Kule nafasi za bodi zimeendelea kuwa zawadi ya waliokosa ubunge, hukumu zikiwepo. Uingereza nao, baada ya kashfa za miaka ya 1990, waliweka Kamishna wa Uteuzi wa Umma mwaka 1995, na magazeti yao bado hayajaishiwa habari za marafiki wa mawaziri. Mageuzi ya kuteua peke yake yana tabia hiyo: watu wanajifunza haraka kuandaa mshindi.

Kuna tatizo jingine ambalo halina mvuto wa kisiasa, na linagharimu zaidi. Ni bodi ambayo haipo. Ripoti za CAG zimelirudia mara nyingi: muda wa wajumbe umeisha au wametolewa, na wapya hawajateuliwa. Menejimenti inajiandalia bajeti, inajipitishia, inajikagua. Desemba 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha mashirika na taasisi 16 na kufuta 4, na tukajadili sana majina ya taasisi. Pengo la kiti cha mwenyekiti halijadiliwi, labda kwa sababu halina picha ya kuweka gazetini. Anayetengua leo halazimiki kuteua kesho. Kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ambayo muswada wowote ungepaswa kuiziba.

WAKILI: Nimeandika vifungu vitatu. Cha kwanza: bodi isikae wazi zaidi ya siku 90.

MSTAAFU: Nakubali. Na zikipita?

WAKILI: Zikipita, wa zamani wanaendelea mpaka wapya waapishwe.

MSTAAFU: Hata waliovunjwa kwa wizi?

WAKILI: Hao hapana. Basi Msajili wa Hazina ateue wa muda, na wasizidi miezi sita.

MSTAAFU: Andika.

WAKILI: Cha pili: nafasi za wataalamu zitangazwe, na majina ya waliofika hatua ya mwisho yatolewe kwenye Gazeti la Serikali pamoja na aliyeteuliwa.

MSTAAFU: Walioshindwa unawaanika kwa nini? Mtu mwenye heshima yake hataomba.

WAKILI: Basi sifa zao zitajwe, majina yafichwe.

MSTAAFU: Hiyo inawezekana.

WAKILI: Cha tatu. Mjumbe haondolewi kabla ya muda wake mpaka sababu iandikwe, asikilizwe, na sababu hiyo itangazwe ndani ya siku 14.

MSTAAFU: Hapo hatuelewani. Sikiliza, binti yangu, maana hili nimelipitia. Nilitolewa. Sikuambiwa kosa, na sikuuliza. Nikarudi nyumbani na jina langu. Mwaka uliofuata nikaitwa kazi nyingine ya ushauri, hakuna aliyekuwa na karatasi ya kunisema. Sasa wewe unataka iandikwe: ‘Ameondolewa kwa uzembe.’ Iandikwe na nani? Na yule yule aliyetaka niondoke! Atatafuta neno la kuniharibia, litawekwa gazetini, na mahakamani nitafika nikiwa na miaka 80. Kimya kina huruma yake.

Sikuwa nimelifikiri hivyo kabla ya kuiweka hoja hii kwenye mdomo wa mtu aliyeishi ndani ya utaratibu wenyewe, na naona wakili naye alinyamaza kidogo. Mtumishi wa umma wa zamani alilindwa na kimya. Ukimwondolea kimya lazima umpe ngao nyingine.

WAKILI: Ngao ipo, mzee. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa. Sababu isitangazwe peke yake. Itangazwe na majibu yako, kwa urefu ule ule, ukurasa ule ule.

MSTAAFU: Na wasomaji watasoma upande gani?

MKULIMA: Mzee mwenzangu, naomba niseme. Unadhani ulipotolewa sisi tulikaa kimya? Huku mtaani hakuna aliyetolewa bila sababu. Nyinyi msipoisema, tunaitunga. Wengine wamekula, wengine wamegombana na waziri, wengine mke wa fulani hakuwapenda. Ulirudi na jina lako kwako, kwetu lilishagawanywa.

MSTAAFU: Walisema nini juu yangu?

MKULIMA: Mimi sikujui wewe. Lakini kama ulikuwa wa maji, walisema umeuza mabomba.

MSTAAFU: Sikuwa wa maji.

MKULIMA: Basi wa maji ndiye aliyeuza mabomba.

WAKILI: Kwa hiyo kifungu cha tatu kinabaki?

MSTAAFU: Kinabaki kwa sharti. Anayetengua aandike na sababu aliyoniteulia. Ziwekwe mbili juu ya karatasi moja. Kama mwaka juzi aliandika mimi ni hodari wa hesabu, na leo anaandika sijui hesabu, watu waone mwandiko ni wa nani.

WAKILI: Hicho ni kifungu cha nne.

MSTAAFU: Kiite utakavyo. Bila hicho sisaini.

MKULIMA: Na changu?

WAKILI: Cha kuchagua mwakilishi wa watumiaji kimo kwenye cha pili, mama, nimekiweka mwishoni.

MKULIMA: Kwa nini mwishoni? Kitoe huko, kikae peke yake. Na uandike kwamba jina lake na namba ya simu viwekwe chini ya ankara ya maji ya kila mwezi, pale wanapoandika tarehe ya kukata huduma.